Maji Yasiyo na Mwenyewe



Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu mlioko masomoni, leo tunaomba nafasi tuzungumze nanyi kuhusu maji. Sisi tunaoandika ni mume na mke, wakazi wa Kamembe, wilaya ya Rusizi. Ukimtajia msafiri jina la Rusizi II, atakumbuka mpaka wa kuvukia kwenda Bukavu, foleni na vitambulisho mkononi. Ukimtajia fundi wa umeme, atakumbuka mtambo ulioko chini zaidi mtoni, ulioanza kazi mwaka 1989, wenye uwezo wa megawati 43.8, ambao Rwanda, Burundi na Kongo zinaumiliki kwa pamoja. Kwa watoto wetu, Rusizi II ni mahali pa kusimama darajani na kuutazama mto mpaka mama yao achoke kuwaita.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka kuwasalimia jamaa zetu upande wa pili. Mto ulikuwa umejaa chupa za plastiki. Tukawaeleza watoto kwamba taka hizo hutoka mitaa inayozunguka Ziwa Kivu, nazo zikifika kwenye bwawa la kwanza la mto huu, lile lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, huziba njia ya maji mpaka mashine zinashindwa kufanya kazi na umeme unakatika. Mtoto wetu wa darasa la tano akafikiri kidogo, kisha akauliza: "Baba, bwawa likizeeka wanalipeleka wapi?"

Tulicheka, lakini jibu hatukuwa nalo tayari. Mama yake ndiye aliyemjibu: "Halipelekwi popote, mwanangu. Linabaki palepale. Mimi na baba yako tuliwahi kuishi jirani na moja."

Basi habari hii inaanzia Nairobi.

Tulifika Nairobi mwaka 1997, kila mmoja wetu na wazazi wake, kama familia nyingi za Kinyarwanda zilizotawanyika miaka ile. Huko tulikutana, tukaoana, tukapanga chumba kimoja Kibera. Hatua chache kutoka mlangoni palikuwa na uwanda mpana wa kijani kibichi. Mgeni angedhani ni shamba au uwanja wa mpira. Wenyeji waliuita Nairobi Dam. Chini ya kijani kile kulikuwa na maji.

Bwawa lile lilijengwa mwaka 1953 ili liwe akiba ya maji ya mji. Waliuzuia mto Motoine, na maji yakitoka upande wa pili yanaitwa mto Ngong. Eneo lake lilikuwa hekta 35 hivi. Wazee wa Kibera walitusimulia kwamba zamani walivua samaki pale, na kulikuwa na klabu ya mashua za tanga. Jumapili watu walikwenda na watoto wao kupunga upepo. Lakini Nairobi ilikua, ikatafuta maji mbali zaidi na mji. Bwawa la Sasumua lilikamilika mwaka 1956, na la Ndakaini mwaka 1994. Mji ukawa haulitegemei tena bwawa lake la jirani. Halikuvunjwa wala halikufungwa. Liliachwa tu, na pale lilipoacha kuwa na kazi likaacha pia kuwa na mwenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo watoto wetu hawakuwahi kulisikia mpaka mwaka huu, nalo tunaliandika ili nasaha zetu zisiwe za unafiki. Sisi pia tulitupa taka pale. Gari la taka halikufika kwenye vichochoro vyetu. Choo kimoja kilitumiwa na nyumba nyingi, na usiku kukifikia kulikuwa hatari kwa mwanamke. Tulifunga taka zetu ndani ya mfuko wa plastiki, na nyakati nyingine haikuwa taka za jikoni tu, tukautupa mtaroni. Mtaro uliteremka bwawani. Tulijiambia: "Lile bwawa limeshakufa, mfuko mmoja utazidisha nini?" Kila nyumba ilijiambia hivyohivyo.

Na watu hao hao, sisi tukiwamo, tulifundishwa madrasa tangu wadogo kwamba tusifanye israfu ya maji ya udhu hata tukiwa ukingoni mwa mto. Tulihesabu maji ya birika, kisha tukayachafua maji ya bwawa zima. Hadi leo tukilikumbuka tunaona haya.

Vijana wanaosoma sayansi watatusaidia kulieleza lililotokea. Maji taka yamejaa mbolea, yaani naitrojeni na fosforasi. Magugu maji, mmea uliotoka Amerika ya Kusini, hushiba mbolea hiyo na huweza kuongezeka maradufu katika muda wa wiki mbili. Yakifunika maji, mwanga haupiti. Yakioza, hewa ya oksijeni ndani ya maji hupungua na samaki hufa. Wakati huohuo udongo unaochukuliwa na mvua kutoka juu hutua chini, na kina cha bwawa hupungua mwaka baada ya mwaka. Palipokauka, watu walipanda nduma, miwa na sukuma wiki, wakauza sokoni, wakalipa karo za watoto.

Mara nyingi tuliona vijana wakiingia kuyang'oa magugu kwa mikono. Walifanya kazi ya sifa. Baada ya miezi michache kijani kilirudi kama zamani, kwa sababu maji taka hayakuzuiwa. Ukikausha sakafu huku bomba limepasuka, utakesha na tambara mkononi.

Hata hivyo bwawa halikuwa limekufa. Alfajiri, tukitoka kuswali, tuliwaona yangeyange wakitua juu ya magugu, makundi kwa makundi. Kwarara walipita wakipiga kelele zao, na vyura waliimba usiku kucha wakati wa masika. Viumbe wale walikuwa wanang'ang'ania kipande cha maji ambacho binadamu tulikuwa tumekwisha kukifuta.

Tuliondoka Nairobi mwaka 2004 kurudi nyumbani, na hatukulifikiria tena bwawa lile mpaka ndugu yetu anayeishi London alipotutumia picha. Aliwapeleka watoto wake mahali panapoitwa Barn Elms, ndani ya jiji, kando ya mto Thames. Pale palikuwa na mabwawa manne ya zege yaliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya maji ya kunywa. London nayo ilipata njia nyingine ya kusambaza maji, na mabwawa yakakosa kazi. Mwanazuoni wa ndege Peter Scott, aliyefariki mwaka 1989, alikuwa na wazo la kupafanya pawe makazi ya ndege. Kampuni ya maji ilikubali, sehemu ya ardhi ikajengwa nyumba za kuuzwa, na fedha zake zikasaidia gharama ya sehemu iliyobaki. Pakafunguliwa mwaka 2000, zaidi ya hekta 40 za maji, matete na visiwa vidogo.

Tulimuuliza ndugu yetu kwenye simu: "Kwani walifanya nini hasa, si maji yalikuwapo tayari?" Akatujibu kwamba walivunja kuta. Bwawa la zege lina kingo zilizosimama wima kama ukuta wa kisima. Ndege anayetafuta chakula kwa kutembea ndani ya maji hawezi kusimama pale. Tete halishiki mizizi, na chura akiingia hutoka kwa shida. Walichofanya ni kuzibomoa kingo zile na kuzilaza, ili maji yaanze kwa kina cha kifundo cha mguu kisha yaongezeke polepole. Ukingo ulipolala, majani yalikuja, wadudu wakafuata majani, na ndege wakafuata wadudu.

Tafadhali likumbukeni neno hilo la ukingo uliolala, kwa kuwa tutalirudia.

Hapa kwetu Rwanda tuna mfano wetu wenyewe. Likizo moja tuliwapakia watoto kwenye basi, tukapita msitu wa Nyungwe mpaka Kigali, kwenda kuona bustani ya Nyandungu. Hili lilikuwa bonde la maji la kawaida la mjini, si bwawa lililojengwa, lakini kisa chake ni kilekile: lililimwa, likachafuliwa, likachoka. Kazi ya kulirudisha ilianza mwaka 2016, na wananchi wakafunguliwa mlango Julai 2022. Ni hekta 121, kati yake 70 hivi ni ardhi ya majimaji. Kuna madimbwi, miti ya asili na njia za kutembea na kuendesha baiskeli. Mafunjo na matete yale hayakuwekwa kwa urembo. Yanapunguza kasi ya maji ya mafuriko, yanashika udongo, na yanakula ile mbolea ambayo kule Nairobi iliyashibisha magugu.

Katika jiji hilohilo kuna Umusambi Village, bonde jingine la maji lililofufuliwa, ambako wanatunzwa misambi waliookolewa majumbani na hotelini. Wengi wao walikatwa au kuvunjwa mabawa ili wabaki kuwa mapambo, hivyo hawawezi kurudishwa porini. Binti yetu alimtazama mmoja kwa muda mrefu, akasema: "Mama, huyu naye aliachwa kama lile bwawa lenu."

Ndugu wasomaji, kama habari ingeishia hapo ingekuwa habari njema ya matembezi. Lakini kilichotufanya tuandike kiko chini ya mtaa wetu.

Bondeni, chini ya nyumba zetu, kuna bwawa la samaki lililochimbwa zamani na kuachwa. Si kubwa, ukilizunguka kwa miguu hufikishi dakika tatu. Kingo zake zilichimbwa wima. Maji ya mvua kutoka mlimani huingia humo pamoja na kila kitu kinachotupwa mlimani: chupa, viatu, nepi za watoto. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008, kwa hiyo hiyo ni michache, lakini taka hazikosi jina jingine.

Msimu wa mvua uliopita mtoto wetu mdogo aliteleza akaingia. Ukingo ule uliosimama wima haukumpa pa kushika. Kijana aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe jirani alisikia kelele za wenzake, akaruka, akamtoa. Alhamdulillah, yu hai, na siku ya tatu alikuwa amekwisha kusahau. Sisi hatujasahau.

Mkutano wa mudugudu ulipofuata, baada ya umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, watu walisema bwawa lifukiwe. Hoja zao zilikuwa tatu: mbu wanaleta malaria, watoto watakufa maji, na kiwanja kile kinaweza kupata matumizi bora. Sauti ya kwanza kabisa ya kusema "lifukiwe" ilikuwa yetu. Nani angetulaumu?

Aliyetufanya tufikiri upya ni mama mmoja mzee anayeishi chini kabisa bondeni. Alisimama kwa taabu, akasema: "Wanangu, mkilifukia, yale maji ya mlimani mtayaambia yaende wapi? Sasa hivi yanapumzika humo kabla ya kufika kwangu. Siku hayatapumzika, yataingia kwangu yakiwa na hasira." Hakuna aliyekuwa na jibu. Mkutano ukaahirishwa.

Usiku ule hatukukubaliana nyumbani. Mmoja wetu alikuwa bado anamwona mtoto ndani ya maji kila akifumba macho. Mwingine alimkumbuka yule mzee, na Nairobi pia, ambako baada ya mafuriko ya mwaka 2024 nyumba za maskini kando ya mito zilibomolewa na watu wakatawanyika tena. Kila mahali maji yanaponyimwa nafasi yake, anayelipa kwanza ni aliye chini, na aghalabu ni yule asiye na pa kwenda. Tukakumbuka pia kwamba usafi wa bwawa usigeuzwe kuwa jina zuri la kumfukuza jirani. Wanaolima nduma kule Nairobi Dam ni watu wenye watoto kama sisi, na mpango wowote wa kulifufua usiowahesabu wao umeanza kombo.

Kisha tukalikumbuka neno la ndugu yetu wa London. Ule ukingo unaomfaa ndege ndio unaomwokoa mtoto. Mtoto anayeteleza kwenye ukingo uliolala hujikuta kwenye maji ya kifundo cha mguu, akalia, akatoka mwenyewe. Kwa muda wote tulidhani ni lazima tuchague kati ya usalama wa watoto wetu na makazi ya viumbe, kumbe jembe ni lilelile.

Mkutano uliofuata tulisema tumebadili mawazo, tukaeleza kwa nini. Haikuwa rahisi kusema mbele za watu kwamba juzi tulikosea. Viongozi walikubali tujaribu kabla ya kufukia. Haya ndiyo yaliyofanyika mpaka sasa:

1. Taka kwanza. Tulianza mlimani, kwenye mitaro, kabla ya kugusa bwawa lenyewe, ili tusirudie kazi ya wale vijana wa Kibera. Kila kundi la nyumba lina gunia lake la chupa.

2. Ukingo mmoja umelazwa kwa majembe, ule ulio upande wa njia ya watoto. Pande nyingine zimezungushiwa ua wa mianzi. Kazi imechukua umuganda tatu na bado haijaisha.

3. Mbu. Afisa wa afya alitufahamisha kwamba mbu hupenda maji yaliyotuama yasiyo na samaki, na hata kopo lililojaa mvua linawatosha. Tumeweka perege, ambao hula viluwiluwi vya mbu. Vyandarua tunaendelea kuvitumia kama kawaida.

4. Kichocho. Watoto wamekatazwa kuoga wala kuchezea ndani ya maji. Wanakaa ukingoni, nje ya maji, na mtu mzima yupo.

5. Udongo. Juu ya bwawa tumepanda majani ya kushika ardhi, na kila mwaka tutahitaji kuutoa udongo ulioingia. Tusipofanya hivyo, bwawa litajifukia lenyewe na hoja zote hizi zitakuwa bure.

Hatudai kwamba tumefaulu. Wapo majirani ambao bado wanaona ni afadhali lifukiwe, nasi tunawaelewa kuliko mtu mwingine yeyote. Mama wa mtoto bado hamruhusu kushuka bondeni bila kaka yake mkubwa. Mvua kubwa za msimu ujao ndizo zitakazotuambia kama ule ukingo umeshika.

Lakini wiki mbili zilizopita watoto walikuja mbio kutuita. Katika sehemu ya maji machache, palepale mdogo wao alipoteleza, alisimama yangeyange mmoja mweupe, akitembea taratibu na kutazama chini, kama mtu aliyeangusha sindano. Yule wa darasa la tano amefungua daftari na kuandika tarehe. Chini ya yangeyange ameandika mdiria, na kereng'ende ambao ameshindwa kuwahesabu.

Swali lake la darajani sasa tuna la kumjibu. Bwawa likizeeka halipelekwi popote, linabaki na watu walio karibu nalo. Hata mitambo ya Rusizi iliyo mbele yetu itakuwa na siku yake ya kuchoka, pengine sisi hatutakuwapo. Watakaokuwapo ni hawa wenye madaftari. Tungependa siku hiyo ikifika wawe wamekwisha kuzoea kuyaona maji yaliyoachwa kuwa ni amana yao, wasije wakasimama ukingoni na mfuko mkononi wakajiambia, kama tulivyojiambia sisi, kwamba mfuko mmoja hautazidisha kitu.

Wazazi wenzetu, bila shaka na huko mliko kuna dimbwi, hodhi au bwawa ambalo kila mtu hulipita akidhani lina mtu mwingine wa kulishughulikia. Wiki hii nendeni na watoto mlitazame. Ulizeni maji yake yanatoka wapi, yanakwenda wapi, na nani anaishi chini yake. Mkianza na maswali hayo matatu, mtakuwa mmekwisha kuanza kazi.

Wabillahi tawfiiq.

Ndugu zenu, familia moja ya Kamembe, Rusizi.